Minara ya wafu wetu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mambo ya kale

Kwenu mawaziri, wakurugenzi na wahifadhi wa mambo ya kale wa Tanzania na Kenya, na kwenu madiwani mnaopitisha ramani za viwanja vya pwani.

Waheshimiwa, assalaam aleikum. Kwa msio wa dini hiyo, nawasalimu kwa heshima ileile.

Mimi ni mtu wa kusini ya Tanga, upande wa Tongoni. Nilipokuwa mtoto, njia yetu ya kwenda pwani ilipita kando ya makaburi ya kale, na bibi alitukataza kupita kimya. Tulisimama, tukasema "Assalaam aleikum yaa ahlal-qubuur", yaani amani iwe juu yenu enyi watu wa makaburini, ndipo tukaendelea. Majina ya waliolala pale hatukuyajua. Tulijua tu kwamba kaburi lenye mnara ni la mtu aliyekuwa mkubwa katika mji wake, na tuliona kwa macho yetu kwamba minara iliyolala chini ni mingi kuliko iliyosimama.

Nawaandikia kuwaomba muikamate ile iliyobaki kabla nayo haijalala. Ninayo maombi kadhaa, lakini lililo kubwa, ambalo mengine yote yanalizunguka, ni hili: acheni saruji, rudisheni chokaa.

Niruhusuni nianze mbali kidogo. Mtu akiona mnara ndani ya magofu ya Kiislamu, mawazo humwendea muadhini. Kwa pwani yetu atakuwa amekosea. Misikiti yetu ya kale, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na ule wa Gedi ikiwemo, haikuwa na minara ya adhana. Muadhini alipanda darini akaadhini kutoka huko. Minara ya misikiti ilikuwa michache mno. Ule wa Msikiti wa Ijumaa wa Hamar Weyne, Mogadishu, wenye maandishi ya mwaka 636 Hijria, yaani 1238, ndio unaotajwa sana. Ule wa Shela, kisiwani Lamu, ulikuja nyuma kabisa, mwaka 1829. Katikati ya tarehe hizo mbili, kwa karne nyingi, mzee wa pwani aliposema mnara alikuwa na sababu ya kufikiria kaburi. Mtu mkubwa alipofariki walimzika, wakamzungushia ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, na kutoka kwenye ukuta huo wakapandisha mnara. Kijiji cha Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori ya Kilifi, kimepata jina lake kwa mnara wa namna hiyo.

Umbo hili ni letu. Uislamu umejenga minara kuanzia Uhispania hadi Uhindi, na makuba juu ya makaburi kila mahali, lakini kaburi lenye mnara wa namna hii ni jambo la pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia kuja chini hadi kwetu. Lamu uko mmoja wenye mifereji mwilini, nyuma ya Msikiti wa Riyadha. Malindi uko karibu na Msikiti wa Ijumaa, ukitazama bahari. Gedi ipo. Kaole ipo, mwendo mfupi kutoka Bagamoyo. Tongoni kuna makaburi yapatayo arobaini kuzunguka msikiti mmoja, na mengi yalikuwa na minara. Mingine ni ya duara, mingine ina pembe nne, sita au nane, maana kila mji ulikuwa na mafundi wake na ladha yake.

Na haikuwa fasheni ya kizazi kimoja. Mingi ni ya karne ya 14 na 15, lakini Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, watu walikuwa bado wanajenga katika karne ya 18. Tafakarini hilo. Wareno wamekuja, wamepiga miji mizinga, wamejenga ngome, wamefukuzwa, na mtu wa Kunduchi bado anamjengea babake mnara kama walivyojengewa waliokufa miaka mia tatu kabla yake. Vasco da Gama mwenyewe alipita mbele ya Tongoni. Mwezi Januari 1499, akirudi kutoka Uhindi akiwa amepungukiwa na mabaharia, aliichoma moto jahazi yake ya São Rafael katika maji ya Mtangata, ambayo ndiyo maji ninayoyaona nikisimama makaburini kwetu. Jahazi ile haina alama. Wale aliowakuta nchi kavu wameacha alama, na ndizo zinazobomoka.

Sasa nije kwenye chokaa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi chokaa, na nilimsaidia kwa likizo nyingi kiasi kwamba najua ninachokisema. Zamani walipanga magogo duara, wakajaza juu yake vipande vya matumbawe, wakachoma usiku kucha hadi mawe yakawa meupe mepesi. Kisha huzimwa kwa maji shimoni na kuachwa. Babu hakukubali kuigusa kabla haijakaa miezi. Alisema chokaa changa ni kama ndizi mbichi, itakuumiza. Ndipo huchanganywa na mchanga uliooshwa chumvi, ikapigwa kwa mti mpaka inanata kwenye mwiko. Lipu yake inachukua muda mrefu kukauka, na hata ikikauka inaendelea kupumua. Masika ukuta unakunywa maji, kaskazi unayatoa. Umepumua hivyo kwa miaka mia tano na haukufa.

Saruji haipumui. Miaka kadhaa iliyopita nilifika kwenye kituo kimoja cha kale, ambacho sitakitaja kwa kuwa sikuja hapa kumfukuzisha mtu kazi, nikawakuta vijana wanachanganya saruji kandokando ya kaburi. Mnara ulikuwa na ufa, nao walikuwa wametumwa kuuziba. Walikuwa na bidii, walikuwa na ndoo safi, na msimamizi wao aliniambia kwa fahari kwamba kazi itadumu. Walipiga lipu ya kijivu kutoka chini hadi kimo cha mtu. Nilirudi baada ya masika tatu. Lipu ilikuwa imebanduka kama ganda, na ilipobanduka haikubanduka peke yake: iling'oa na uso wa jiwe la kale. Nyuma yake tumbawe lilikuwa unga. Nililigusa kwa kidole likamwagika.

Sababu yake haina siri, na wataalamu wenu wanaijua. Tumbawe ni jiwe lenye matundu, na la pwani limejaa chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini na kuingia kutoka juu. Ukuta ukivaa chokaa, maji hutoka taratibu na chumvi huishia kwenye lipu, ambayo kazi yake ndiyo hiyo: kuchakaa badala ya jiwe, kisha ikapigwa upya. Ukiuvika saruji, maji yanakosa njia, chumvi inagandia ndani, inavimba, na jiwe linapasuka kutoka ndani huku nje pakionekana pazuri. Mnaopokea ripoti yenye picha ya mnara uliong'arishwa mnaambiwa umehifadhiwa. Kumbe umezibwa pumzi.

Msinijibu kwamba chokaa ni ghali au kwamba mafundi hawapo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikaanguka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 zikatolewa humo. Hazikutolewa kwa hotuba. Zilitolewa kwa kazi, kwa mawe na chokaa, na mikono ya wenyeji ilikuwemo. Kwa hiyo ujuzi tunao. Tatizo ni kwamba ujuzi huo haukuvuka kwenda kwenye magofu madogo, yale yasiyo na jina UNESCO, ambako mlinzi ni mzee mmoja mwenye fagio. Kenya nayo ina sababu ya kujivunia: Gedi imeingia kwenye orodha ya dunia mwaka 2024. Nilifurahi kama vile ni kwetu. Lakini minara mingi haiko Gedi wala Kilwa.

Mawe ya kuchoma pia yanapatikana bila kugusa miamba iliyo hai baharini, na hilo nalisisitiza kwa sababu najua mtu wa mazingira ataniuliza. Sehemu kubwa ya nchi kavu ya pwani imekaa juu ya matumbawe ya kale na mawe ya chokaa. Machimbo yapo. Hakuna haja ya kuvunja hata jiwe moja wanamozalia samaki.

Jambo la mabakuli linanichoma kwa namna nyingine. Mnawajua wajenzi wetu walivyopamba: lipu ingali mbichi, walibandika bakuli la kauri la Uchina, uso ukitazama nje, na sahani, wakati mwingine duara zima kuzunguka shingo ya mnara. Bakuli hilo lilivuka bahari ya Uhindi, likabadilishwa kwa pembe au ambari au dhahabu, na mwenye nalo, badala ya kulia chakula ndani yake, akampa maiti wake. Leo ukienda utaona matundu. Kila tundu la duara ni bakuli lililong'olewa kwa tindo. Mengine yaliondolewa na wataalamu yakapelekwa makumbusho ili yasiibwe, na siwalaumu. Mengi yamekwenda kwa watalii wa zamani na kwa watoto wa mjini waliokuwa na njaa.

Yale mliyo nayo kwenye ghala, nawaomba yaandikiwe yalikotoka: kaburi gani, upande gani, tundu la ngapi. Bakuli lisilo na kaburi lake ni chombo tu, na kaburi lisilo na bakuli lake limenyang'anywa tarehe. Kauri ndiyo inayowasaidia wachunguzi kukadiria umri wa mnara usio na maandishi, na mingi haina maandishi. Makaburi yenye tarehe ni machache sana hivi kwamba moja la Gedi, la mwaka 802 Hijria, yaani 1399, linaitwa tu kaburi la tarehe, na liliwapa wachimbaji mahali pa kuanzia kuhesabu. Lile la Takwa, kisiwani Manda, lina mwaka 1094, sawa na 1683. Mkipoteza moja kati ya haya, mmepoteza saa ya mji mzima.

Hapa niseme na masheikh wangu pia, maana najua barua hii itawafikia. Wapo watakaosema kaburi halijengewi, na mnara juu yake ni bora uanguke. Hadithi wanazozitaja nazijua na ninaziheshimu. Simwombi mtu ajenge kaburi jipya la mnara, wala asujudu mbele ya la zamani. Ila hawa walikuwa Waislamu waliosali kuelekea kibla kilekile, waliandika Qur'ani juu ya mawe yao, na mtu akidai kwamba Uislamu wa pwani ni wa kuja jana na majahazi ya karne ya 19, jibu la kwanza tunaloweza kumwonyesha kwa kidole ni makaburi haya. Mkiyaacha yaanguke, mjibuni nyinyi.

Na wapo wanaoyapenda kwa njia yao. Watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lile la mnara. Kaole watu huja kwenye kaburi la Sharifa na dua zao. Wahifadhi wengine huwaona hawa kama usumbufu, wenye ubani na vitambaa. Mimi naona ndio walinzi ambao hamuwalipi. Mahali panapofikiwa na watu kwa ajili ya dua hapageuki dampo, na anayekuja na tindo huonekana. Waingie bure. Mtu asitozwe kiingilio kwenda kumsalimia mfu wake.

Kuhusu viwanja nitasema kwa ufupi, ingawa hasira yangu si fupi. Kunduchi imemezwa na Dar es Salaam. Hoteli na nyumba zimefika hadi uso wa bahari, na magofu yamebaki kama mgeni ndani ya mtaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kenya wana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Sheria hizo ni nzuri, lakini mpimaji ardhi hazioni akiwa uwanjani. Anachokiona ni bikoni. Wekeni bikoni kuzunguka kila kundi la makaburi, na mipaka hiyo iingie kwenye ramani za mipango miji ambazo madiwani wanapigia kura. Kaburi lisilo kwenye ramani ya mji, siku moja litakuwa ndani ya ukuta wa mtu.

Kwetu Tongoni adui ni bahari zaidi kuliko viwanja. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahame, mahali walipokaa watu wakahama. Nisingependa watu wahame mara ya pili, safari hii waliokufa.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji fedha, na naliomba lifanyike hata kama mengine yote mtayakataa. Mnara ukianguka, msiuguse. Mnara wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ulianguka katika miaka ya 1930, na tangu hapo mingi imeufuata. Kinachofuata baada ya kuanguka ndicho kinachoua: mawe yanasogezwa pembeni ili wageni wapite, yanapangwa vizuri kama kuni, na baada ya miaka kumi hakuna ajuaye jiwe lipi lilikaa juu ya lipi. Mnara uliolala jinsi ulivyoanguka bado ni mnara. Unaweza kupimwa, kupigwa picha, na siku moja kuinuliwa. Pale Mosul, Iraq, mnara wa Al-Hadba, uliojengwa mwaka 1172, ulilipuliwa Juni 2017 ukabaki kitako tu. Waliokuja kusafisha waliokota matofali ya kale kutoka kwenye kifusi, maelfu kwa maelfu, wakayachambua na kuyahifadhi, na mwaka 2025 mnara ulisimama tena mjini, matofali yale yakiwa ndani yake, na hata kuinama kwake, ambako wenyeji walikupenda, kukarudishwa. Walikuwa wametoka vitani. Sisi hatuna vita. Tunachohitaji ni kamba ya kuzungushia, kamera ya simu, na amri moja iliyoandikwa kwamba jiwe lisihamishwe.

Kwa hiyo, kabla ya masika ijayo, pelekeni watu wapite pwani nzima wakiwa na daftari. Wahesabu minara iliyosimama, iliyoinama na iliyolala. Wapige picha kila upande, wapime nyufa, wahesabu matundu ya mabakuli. Wachukue vijana wa kila kijiji wawe pamoja nao, kwa sababu kijana aliyepima ufa kwa mkono wake atajua mwakani kama umepanuka. Wakati huohuo wachimbe mashimo ya chokaa, angalau moja kwa kila kituo, na wawatafute wazee waliobaki wanaojua kuizima. Hapa ndipo muda unatubana kweli. Kwetu wamebaki wawili. Mmoja haoni tena vizuri, lakini akishika chokaa mkononi anajua imeiva au bado. Babu yangu amekwisha kufa, na kulikuwa na mambo ya mchanganyiko wake wa kumalizia, ule wa safu ya mwisho inayong'aa, ambayo sikuwahi kumuuliza kwa kudhani nitamuuliza likizo ijayo.

Fedha mtakazozitoa ziwe na kifungu kinachosema wazi: hakuna saruji juu ya jiwe la kale. Kiandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi, si kwenye hotuba. Na palipokwisha kupigwa saruji, msiiparure kwa nguvu ili mpate picha nzuri; aje fundi aitoe taratibu, kipande kwa kipande, mahali ambapo jiwe bado lina nguvu ya kustahimili.

Mimi na vijana sita wa kwetu tumechimba shimo letu. Liko kivulini, nyuma ya nyumba ya marehemu babu, na mti wake wa kupigia chokaa ninao, pamoja na mwiko wake. Chokaa ikizimwa mwezi Oktoba, kufikia Februari itakuwa imekaa vya kutosha, na mvua za Machi zitaikuta lipu imeshashika. Tunangoja ruhusa yenu ya maandishi, kwa kuwa makaburi haya yako chini ya sheria na hatutaki kugusa hata jiwe moja bila nyinyi. Tumeni mhifadhi aje na karatasi. Tutamwonyesha njia ya kupita, na akifika makaburini atusubiri kidogo tutoe salamu.

Wenu katika kheri,
Mjukuu wa fundi chokaa,
Tanga